Maisha ya Friedrich Wilhelm Raiffeisen, Meya wa Vijiji Maskini



Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi zimo hesabu za mazao, majina ya viongozi na picha za maghala yetu. Pamoja na hayo, tumeona vema kutenga kurasa chache kwa maisha ya mtu mmoja aliyefariki zamani, ambaye hakupata kukanyaga ardhi ya Afrika, lakini desturi nyingi tunazozifuata katika vyama vyetu vya msingi zilijaribiwa kwanza mikononi mwake. Mwanachama anapotakiwa kuleta wadhamini kabla ya kukopa, halmashauri inapoulizwa kama inamfahamu mkopaji na kazi yake, mkutano mkuu unapozuiwa kugawana fedha za akiba, katika mambo hayo yote tunapita katika njia iliyofyekwa na Friedrich Wilhelm Raiffeisen, Mjerumani.

Hatusimulii habari zake kwa sababu alikuwa mtu asiyekosea. Twazisimulia kwa kuwa alijaribu kwa miaka mingi kuwasaidia wakulima kwa njia moja, akaona kwamba njia ile haidumu, akakubali kuiacha na kushika nyingine. Watu wengi wenye nia njema hushindwa katika jambo hilo la pili.

UTOTO NA UJANA

Raiffeisen alizaliwa tarehe 30 Machi, 1818, katika kijiji cha Hamm kando ya mto Sieg, katika nchi ya vilima iitwayo Westerwald, magharibi ya Ujerumani. Siku zile Ujerumani haikuwa dola moja, na sehemu ile ilikuwa chini ya mfalme wa Prussia. Alikuwa mtoto wa saba kati ya watoto tisa. Baba yake aliwahi kuwa meya wa Hamm, lakini alishikwa na maradhi mtoto huyu akingali mdogo, na mzigo wa nyumba ukamwangukia mama yao, Amalie. Fedha za kumpeleka kijana katika shule za juu hazikuwapo. Alisoma shule ya kijiji, kisha mchungaji wa kanisa la pale akamfundisha kwa miaka michache. Basi mtu huyu, ambaye baadaye aliandika kitabu kilichosomwa katika nchi nyingi, hakupita katika chuo kikuu chochote.

Katika mwaka wa 1835, akiwa na umri wa miaka 17, aliingia katika jeshi la mizinga mjini Köln. Huenda angelimaliza maisha yake jeshini, ila macho yake yaliugua. Katika mwaka wa 1843 alilazimika kuvua sare na kuingia katika utumishi wa serikali. Maradhi hayo ya macho hayakumwacha tena mpaka kufa kwake.

Mapema mwaka wa 1845 alipewa umeya wa Weyerbusch, naye alikuwa na umri wa miaka 26 tu. Mwaka huohuo alimwoa Emilie Storck, binti wa mwuza dawa. Msomaji asidhani kwamba umeya huo ulikuwa wa mji mkubwa wenye majumba. Ulikuwa ni utawala wa vijiji zaidi ya 20 vilivyotawanyika vilimani, kazi inayofanana zaidi na ile ya mtendaji wa kata wa siku hizi kuliko ya meya wa jiji. Udongo wa huko ni mwembamba na baridi ni kali. Mashamba yaligawanywa kwa urithi kila baba alipofariki, hata familia nyingi zikabaki na vipande vidogo visivyotosha kuwalisha. Wahunzi, washona viatu na mafundi wengine wa vijijini nao hawakuwa na nafuu, kwani mteja wa fundi wa kijijini ni mkulima, na mkulima asipovuna fundi hana wa kumlipa.

CHAMA CHA MKATE

Hata mwaka haujaisha tangu ashike kazi, maradhi ya viazi yalienea katika nchi nyingi za Ulaya. Mwaka uliofuata, 1846, nafaka nayo ikapungua. Bei ya chakula ikapanda kila wiki. Serikali ilitoa unga kutoka katika maghala yake, lakini ikaagiza uuzwe kwa fedha taslimu peke yake. Meya alijiona yu katikati ya amri na njaa. Wenye fedha taslimu hawakuwa ndio wenye njaa, na wenye njaa hawakuwa na fedha taslimu. Akaamua kuwapa maskini unga kwa ahadi ya kulipa baadaye, akijua kwamba kufanya hivyo ni kukiuka agizo.

Unga ule haukutosha. Ndipo alipowaita watu wenye uwezo katika vijiji vyake, akawashawishi watoe fedha ziwekwe katika mfuko mmoja. Kwa mfuko huo walinunua nafaka mbali, mahali ilipokuwa rahisi, wakajenga tanuri la pamoja, wakaoka mkate wenyewe. Mkate wa chama uliuzwa kwa takriban nusu ya bei ya sokoni, na asiyekuwa na kitu alipewa kwa mkopo. Majira ya baridi ya 1846 na 1847 yalipokwisha, chama kikanunua mbegu za viazi, kwa maana mtu aliyekula mbegu zake ameokoka leo tu.

Pamoja na kazi hiyo alisimamia ujenzi wa shule na wa barabara ya kuelekea mto Rhine, ili mazao ya vilimani yapate kufika sokoni bila kuozea njiani. Njia hiyo ingali inaitwa kwa jina lake. Wanachama wetu ambao magunia yao yamewahi kulala njiani siku tatu wakati wa masika hawahitaji kuelezwa kwa nini mtu wa ushirika alianza na barabara.

NG'OMBE WA MKOPO

Katika mwaka wa 1848 Raiffeisen alihamishiwa Flammersfeld, umeya mwingine wa vijiji uliokuwa jirani. Huko aliona kwamba njaa ilikuwa imekwisha, lakini deni lilikuwa limebaki. Mkulima aliyemchinja au kumwuza ng'ombe wake wakati wa njaa hakuwa na maziwa, wala mbolea, wala mnyama wa kuvuta jembe. Akija mfanyabiashara kumpa ng'ombe kwa mkopo, mkulima alimpokea bila kuuliza sana. Akamlisha, akamtunza, akalipa fungu la kwanza na la pili. Mwaka wa mavuno mabaya akishindwa kulipa fungu linalofuata, mwenye kukopesha alikuja kumchukua ng'ombe aliyenenepa, na yale yaliyokwisha kulipwa hayakurudi. Mwishowe shamba lenyewe liliwekwa rehani, likapigwa mnada.

Sisi tunalijua jambo hili kwa jina jingine. Mkulima anayeuza kahawa ingali maua, au mpunga ungali bondeni, kwa mchuuzi aliyemkopesha ada ya shule ya mtoto, yu katika kamba ileile.

Tarehe 1 Desemba, 1849, Raiffeisen alianzisha chama cha kuwasaidia wakulima wasio na mali. Wanachama wake walikuwa watu 60 wenye uwezo, nao walikubali kwamba kila mmoja atadaiwa deni lote la chama kwa mali yake yote. Kwa dhamana hiyo chama kiliweza kukopa fedha kwa riba ya kawaida. Kilinunua ng'ombe, kikawapa wakulima, nao wakalipa kidogo kidogo kwa muda wa miaka 5. Baadaye chama kikaona ni vema kumkopesha mkulima fedha, akajinunulie mwenyewe mnyama anayemtaka.

Tutazame kwa makini namna chama hicho kilivyokuwa. Waliodaiwa na benki walikuwa matajiri. Waliokopa walikuwa maskini. Hao maskini hawakuwa wanachama, hawakupiga kura, hawakukaa katika halmashauri, wala hawakuwa na la kupoteza chama kikifa. Raiffeisen hakuona kasoro katika jambo hilo. Alikuwa Mkristo mwenye imani ya nguvu, naye aliamini kwamba mwenye nacho anapaswa kumsaidia asiye nacho, na kwamba moyo huo utatosha.

NJIA YA KWANZA INASHINDWA

Katika mwaka wa 1852 alihamia Heddesdorf, karibu na mji wa Neuwied kando ya Rhine. Miaka miwili baadaye alianzisha huko chama cha hisani chenye makusudi makubwa kuliko vile vya kwanza. Kilikusudia kuwatunza watoto waliotelekezwa, kuwapatia kazi watu waliotoka kifungoni, kuweka maktaba ya watu wote, na kuwakopesha wakulima na mafundi.

Lakini joto la watoaji likapoa mwaka hata mwaka. Mtu aliyekubali kumdhamini mgeni kwa shamba lake lote alianza kujiuliza anapata nini katika hatari hiyo. Kazi za hisani zikafifia moja moja, na ya mikopo peke yake ikabaki na uhai, kwa kuwa hiyo ilihitajiwa na watu kila msimu.

Hapo Raiffeisen alibadili shauri lake. Katika mwaka wa 1862 chama cha mikopo kilianzishwa huko Anhausen, kijiji kimoja katika eneo lake, na mwaka wa 1864 kile cha Heddesdorf kikageuzwa kuwa chama cha mikopo pia. Kanuni ya vyama hivyo vipya ilikuwa fupi: atakaye kukopa sharti awe mwanachama, na kila mwanachama, tajiri kwa maskini, atawajibika kwa deni la chama sawa na wenzake. Mkopaji aliyekuwa akisimama mlangoni na kofia mkononi sasa aliingia ndani, akaketi, akawa mmoja wa wenye chama.

Sisi twaona kwamba hilo ndilo tendo kubwa la maisha yake. Tanuri la mkate liliokoa watu katika majira moja ya baridi. Ng'ombe wa Flammersfeld waliokoa nyumba kadhaa. Lakini vyama vilivyosambaa katika dunia ni vile ambavyo mhitaji mwenyewe alikuwa mwenye mali na mwenye kudaiwa.

KANUNI ZA VYAMA VYAKE

Yafaa tuzieleze kanuni hizo, maana ndizo urithi wetu.

Kwanza, chama kilikuwa cha kijiji kimoja au cha parokia moja, wala si zaidi. Maskini hawana hati wala vito vya kuweka rehani. Walicho nacho ni sifa yao kwa majirani. Jirani anajua nani huamka mapema na nani hulewa siku ya soko. Elimu hiyo benki ya mjini haiwezi kuinunua, na chama kikipanuka kupita kiasi huipoteza.

Pili, wanachama wote walidaiwa kwa pamoja bila mpaka. Kanuni hii ilikuwa kali, lakini iliwafanya watu wote kuwa macho. Mwanachama aliyejua kwamba ng'ombe wake anaweza kuchukuliwa kwa deni la mwenziwe hakukosa mkutano.

Tatu, mkopo ulitolewa kwa kazi iliyotajwa, ukadhaminiwa na watu wanaojulikana, na muda wake ulipimwa kwa shamba. Mbegu hazizai kwa miezi mitatu, na ndama hawi ng'ombe kwa mwaka mmoja.

Nne, viongozi walifanya kazi bila mshahara. Aliyelipwa ni mwandishi wa hesabu peke yake, kwa kuwa kazi yake ilihitaji muda na ujuzi.

Tano, faida haikugawanywa. Iliingia katika mfuko wa akiba uliokuwa mali ya chama chote, ambao hakuna mwanachama aliyeweza kudai fungu lake hata akiondoka. Kusudi lake lilikuwa kwamba siku moja chama kikopeshe kwa fedha zake chenyewe, na kwamba watoto wa wanachama wakute kisima kilichokwisha kuchimbwa.

Zaidi ya kukopesha, vyama hivyo vilipokea akiba za wanakijiji, vikanunua kwa pamoja mbegu na mbolea ili kupata bei ya jumla. Mkulima aliyekwenda dukani peke yake alikubali bei aliyotajiwa. Wakulima 50 waliokwenda kwa karatasi moja waliweza kujadiliana.

MISIBA NA MSAADA WA BINTI

Miaka hiyo ya mafanikio ilikuwa miaka ya misiba nyumbani kwake. Katika mwaka wa 1863 mkewe Emilie alifariki, akamwacha na watoto. Yeye mwenyewe alishikwa na homa kali, na macho yake yakazidi kufifia. Katika mwaka wa 1865, akiwa na umri wa miaka 47, aliachishwa kazi kwa sababu ya afya, akapewa malipo madogo ya uzeeni. Ili kulisha nyumba yake alijaribu kazi ya sigara, kisha akafanya biashara ya mvinyo. Mtu aliyewafundisha maelfu namna ya kupata mikopo nafuu aliishi maisha ya kuhesabu senti. Katika mwaka wa 1868 alioa tena.

Aliyemfaa kuliko wote alikuwa binti yake mkubwa, aliyeitwa Amalie kama bibi yake. Baba alisema, binti akaandika. Barua zilizokuja kutoka vijijini alizisoma yeye, na majibu yakatoka kwa mkono wake. Kitabu cha Raiffeisen juu ya vyama vya mikopo, kilichotolewa mwaka wa 1866 na kuchapishwa tena mara kadhaa, kiliandikwa kwa njia hiyo. Jina la kitabu hicho lilitaja shida za watu wa mashambani, na pia za mafundi na wafanya kazi wa mijini. Amalie hakuolewa. Baba yake hakutaka kumwachilia, naye akatumikia kazi ile mpaka baba alipofariki. Tunapomsifu baba tusimsahau binti, ambaye gharama ya kazi hiyo aliilipa kwa maisha yake. Na tukiangalia ni nani hasa huandika vitambulisho vya mizani katika vyama vyetu vya msingi, na ni nani huketi kwenye meza ya viongozi siku ya mkutano mkuu, tutaona kwamba jambo hili halikuisha huko Neuwied.

UGOMVI NA MWENZAKE

Wakati huohuo alikuwako mtu mwingine mkubwa wa ushirika nchini Ujerumani, Hermann Schulze-Delitzsch, hakimu na mbunge. Yeye alikuwa ameanza mwaka wa 1849 na vyama vya maseremala na washona viatu katika mji wake wa Delitzsch, ili wanunue mbao na ngozi kwa pamoja. Baadaye alianzisha benki za mafundi na wachuuzi wa mijini. Yeye alitaka kila mwanachama anunue hisa, faida igawanywe, viongozi walipwe, na mikopo iwe ya miezi michache. Raiffeisen alikataa karibu yote hayo, kwa kuwa mkulima wa Westerwald hakuwa na fedha za hisa na hakuweza kulipa kabla ya mavuno.

Ugomvi wao ulikuwa mkali. Schulze-Delitzsch alionya kwamba chama kinachopokea akiba za muda mfupi na kukopesha kwa miaka mingi kitakwama siku wenye akiba watakapozitaka. Onyo hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, na kila mweka hazina anapaswa kulikumbuka. Raiffeisen alilijibu kwa vitendo. Katika mwaka wa 1872 aliunda benki kuu ya vyama huko Neuwied, ili chama chenye fedha nyingi msimu huu kisaidie chenye upungufu. Mwenzake alipinga bungeni kwamba sheria ya wakati ule haikuruhusu chama cha vyama, na Raiffeisen akashindwa katika hoja hiyo. Lakini mwaka wa 1876 aliirudisha kazi ileile kwa sura ya kampuni ya hisa. Mwaka wa 1877 akaunda umoja wa kuvisimamia na kuvikagua vyama. Hizo ndizo mbegu za chama kikuu: vyama vya msingi kubaki vidogo ili watu wafahamiane, na juu yake chombo kimoja cha kukusanya nguvu na kukagua hesabu.

Historia imewapatanisha wote wawili. Mafundi wa mjini walihitaji njia ya mmoja, wakulima wa vijijini njia ya mwingine.

Ukweli pia watudai tuseme kasoro yake. Katika baadhi ya maandishi yake ya miaka ya 1880 aliwalaumu Wayahudi kwa jumla kwa ajili ya matendo ya wakopeshaji, kama walivyofanya wengi wa wakati wake, na chuki ya namna hiyo ilikuja kuiletea Ulaya maangamizi katika karne iliyofuata. Mkopeshaji mwovu hujulikana kwa riba yake na kwa mkataba wake. Hajulikani kwa kabila wala kwa dini. Kazi ya ushirika ni kufungua mlango wa mkopo ulio nafuu, na mlango huo ukifunguliwa hakuna haja ya kumchukia mtu.

KUFA KWAKE, NA NJIA YA KUFIKA KWETU

Raiffeisen alifariki Neuwied tarehe 11 Machi, 1888, zikibaki siku chache atimize miaka 70. Wakati huo vyama vilivyofuata kanuni zake na kujiunga na umoja wake vilikuwa zaidi ya 400. Mwaka mmoja baadaye sheria mpya ya Ujerumani iliruhusu vyama kuungana katika vyama vikuu, na pia ikaruhusu mwanachama kudaiwa mpaka kiasi fulani tu. Yale aliyoyapigania kwa shida yakawa halali yeye akiwa kaburini.

Mbegu yake ilikuwa imeshavuka mpaka na kuingia Austria mwaka wa 1886. Huko India, Frederick Nicholson aliagizwa na serikali ya Madras kuchunguza namna ya kuwaokoa wakulima na madeni. Taarifa zake za 1895 na 1897 zilishauri njia ya Raiffeisen, na mwaka wa 1904 India ikapata sheria ya vyama vya mikopo. Sheria hiyo ikawa mfano katika makoloni mengi ya Uingereza, na kwa njia hiyo Tanganyika ilipata sheria yake ya vyama vya ushirika mwaka wa 1932. Wakulima wa Kilimanjaro, ambao walikuwa wamekwisha kuungana kwa hiari yao tangu 1925 ili kulinda kahawa yao, waliandikisha chama chao kikuu, KNCU, mwaka wa 1933. Kwa upande mwingine, Alphonse Desjardins aliyajifunza mambo ya vyama vya Ulaya akaanzisha chama cha akiba na mikopo huko Québec, Kanada, mwaka wa 1900. Vyama vya namna hiyo vikaenea Amerika ya Kaskazini, na kutoka huko vikafika Afrika Mashariki, ambako leo twaviita SACCOS.

Katika nchi yetu mti huu uliwahi kukatwa. Mwaka wa 1976 vyama vikuu vilivunjwa kwa amri ya serikali, na sheria ya mwaka wa 1982 ikavirudisha. Kurudisha jina kwa sheria ni kazi ya siku moja. Kurudisha imani ya mkulima aliyeona ghala lake likichukuliwa ni kazi ya miaka mingi, na wazee wetu wengi wangali wanaifanya.

NENO KWA WANACHAMA

Tumesimulia habari hizi kwa sababu kuna shauri mbele yetu. Katika mikutano ya vyama vya msingi yamesikika maneno kwamba, kwa kuwa tumetimiza miaka kumi, mfuko wa akiba ufunguliwe, na kila mwanachama apewe fungu lake. Hatuwalaumu waliosema hivyo. Ada ya shule ni nzito, na fedha iliyolala benki humwonea uchungu mwenye paa linalovuja.

Tunaomba tu wanachama wapime. Siku hizi mwanachama wa ushirika hadaiwi kwa shamba lake lote kama wale wa Anhausen. Anadaiwa kwa hisa zake tu. Ulinzi ule wa zamani haupo. Basi chama kikipata msimu mbaya, au bei ikianguka baada ya malipo ya kwanza, kitakachosimama kati yetu na mlango wa mchuuzi ni mfuko huo. Ukigawanywa kwa watu wote, fungu la kila mmoja halitatosha kununua mabati ya chumba kimoja. Ukiachwa pamoja, unaweza kutununulia pembejeo za msimu mzima bila kupiga magoti mahali popote.

Tena kuna neno la wale wanaopenda kungoja wafadhili. Wafadhili tumewapata, na tunawashukuru. Lakini Raiffeisen alikuwa na wafadhili 60 waliokubali kuweka rehani mali zao zote, jambo ambalo hakuna mfadhili wa siku hizi atakalolifanya, na hata hao walichoka. Wasiochoka ni wale waliokuwa na haja yenyewe, walipofanywa kuwa wenye chama.

Katika mwaka wa 2016 shirika la UNESCO liliuweka ushirika katika orodha ya urithi wa wanadamu wote, kwa ombi la Ujerumani. Ni heshima, nasi twaifurahia. Lakini urithi wa ushirika hauhifadhiwi katika orodha. Unahifadhiwa na mwanachama anayepeleka mazao yake yote katika mizani ya chama hata mchuuzi akiongeza shilingi 50 kwa kilo, na anayelipa mkopo wake kabla halmashauri haijamfuata. Akiba haiozi, walisema wazee wetu, nao hawakuwa wamesoma kitabu cha Mjerumani yeyote. Shauri la mfuko litaletwa mbele ya Mkutano Mkuu, na kila mwanachama ana kura moja.